Nani Akae Mbele ya Msafara? Mazungumzo Kuhusu Matairi na Breki kwa Madereva wa Bodaboda, Morogoro

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, dada zetu, vijana wa vijiwe vyote mliofika, itifaki imezingatiwa. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Najua wapo humu walioanza kazi alfajiri pale Msamvu na hesabu ya bosi bado haijatimia, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Nimeombwa nizungumzie misafara. Tunaijua wenyewe. Tunasindikiza msiba, tunamleta bibi harusi, tunampokea mgombea, tunaipokea timu ikiingia mjini. Pikipiki thelathini, hamsini, zimebanana barabarani, honi juu. Mambo ya honi, ya kusimama juu ya siti na ya kuinua tairi la mbele, trafiki wameshawaonya mara nyingi kuliko nitakavyoweza mimi. Mimi ni fundi na nafundisha udereva, nitasema juu ya matairi.

Ukiwa peke yako barabarani, tairi bovu ni shida yako na ya abiria wako. Ndani ya msafara mambo yanabadilika. Huko kinachogonganisha watu ni tofauti kati ya tairi lako na la aliye mbele yako. Yeye akiwa na raba inayoshika kuliko yako, atasimama na wewe utaendelea, hata kama mmeshika breki sekunde ileile na wote mko macho. Kwa hiyo mwenye tairi jipya anayeongoza msafara anaweza kuwa hatari kwa anayemfuata, na wala hajafanya kosa lolote. Najua hili linasikika vibaya masikioni mwa mtu aliyetoka kununua tairi. Nivumilieni, twende kwenye hesabu.

Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa inakata karibu mita 17 kila sekunde. Tuseme pikipiki ya mbele, ikishikwa breki vizuri, inapunguza mwendo kwa kilomita 25 kwa saa katika kila sekunde. Hiyo ni breki nzuri ya dereva mwenye mkono, juu ya lami, na tairi linaloshika. Itasimama baada ya mita 20. Ya nyuma yake ina tairi linaloteleza kidogo, inapunguza 18 tu kila sekunde. Hii itasimama baada ya mita 28. Tofauti ni mita 8, na mtu anaweza kusema mita 8 ni nini, si urefu wa magari mawili madogo tu? Lakini hebu jiulize: pale mwenzako aliposimama kabisa, mguu chini, wewe unapita hapo kwa mwendo gani? Unapita kwa zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Hupiti, maana yeye yupo hapo. Unamgonga kwa 30 na abiria wake mgongoni.

Hiyo bado sijaweka muda wa kushtuka. Binadamu tangu aone taa nyekundu ya breki mpaka vidole vyake vikaze, sekunde moja imekwenda, na hapo ni mtu aliyekuwa anaangalia mbele. Kwa mwendo ule ni mita 17 umepita bila kushika chochote. Sasa wengi wetu kwenye msafara tunafuatana kwa sekunde moja, au chini ya hapo. Mita 17 ulizomwachia mwenzako zimekwisha zote kwenye kushtuka. Kama matairi yenu yako sawa na mikono yenu iko sawa, mtasimama tairi lako likiligusa lake. Kama lako ni dhaifu kama nilivyosema, umekosa mita 8.

Muachie sekunde mbili, hiyo ni mita 33. Toa 17 za kushtuka, toa 8 za tofauti ya matairi, unabaki na mita 8 mkononi. Ukiwa umechoka, au unazungumza na abiria, kushtuka kunafika sekunde moja na nusu na zile mita 8 zinakwisha pia. Ndiyo maana sekunde mbili nyuma ya mtu aliye mbele yako moja kwa moja ndicho kiwango cha chini, na mtu mwenye tairi la wasiwasi asikubali hata kidogo kushushwa chini ya tatu. Kuhesabu ni rahisi: mwenzako akipita kwenye nguzo au kivuli cha mti, sema polepole "elfu moja na moja, elfu moja na mbili". Ukifika kwenye mti kabla hujamaliza, rudi nyuma.

Sasa tofauti hizi zinatoka wapi? Hapa Morogoro tunazo za kutosha, na sidhani kama kuna mji mwingine nchini wenye mchanganyiko kama wetu.

Angalieni wenzetu wanaoshuka kutoka Mgeta na Nyandira na kabichi, njegere na karoti. Kule juu masika ikikolea, njia ni tope jekundu, na mtu bila tairi la kashata, lile lenye vijiwe vikubwa vya raba, hafiki hata kona ya pili. Wanafanya sahihi kabisa kufunga kashata. Zile kashata zinachimba, zinatema tope, zinashika tena. Lakini mtu huyohuyo akifika kwenye lami ya Mzumbe anakuwa amebadilisha barabara na hajabadilisha tairi. Juu ya lami, tairi la kashata linagusa kwa vile vijiwe vya raba tu, na nafasi zilizo katikati yake hazigusi kitu. Kwa tairi lolote la pikipiki, sehemu inayogusa barabara kwa wakati mmoja haifiki ukubwa wa kiganja chako. Toa kwenye kiganja hicho nafasi za katikati ya kashata, uone kinachobaki. Na vile vijiwe virefu vinapinda unaposhika breki kwa nguvu, unasikia usukani unaogelea kidogo kabla haujatulia. Mvua ikinyesha kwenye lami, hali inakuwa mbaya zaidi.

Huyu ndugu wa Mgeta akiingia kwenye msafara wa mjini katikati ya vijana wenye matairi laini ya lami, tofauti ile ya hesabu yangu inaweza kufikiwa, na lami ikilowa inaweza hata kuzidi. Na mara nyingi ameshapunguza upepo kule juu ili ashike tope vizuri, akasahau kujaza aliposhuka. Tairi lenye upepo mdogo linabonyea, mifereji yake inajifinya, pikipiki inakuwa nzito kugeuka, na breki inakuja kwa kuchelewa. Pikipiki nyingi tunazotumia, zile za injini ya cc 100 mpaka 150, zinataka karibu PSI 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Za kwako kamili zimeandikwa kwenye kitabu, na nyingine zina kibandiko kwenye kava ya cheni, kama hakijabanduliwa. Pimeni kwa kipimo. Kulipiga tairi teke na kusikiliza mlio hakujawahi kupima upepo wa mtu yeyote.

Halafu kuna kipara, tairi lililokwisha mifereji. Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wakufunzi hawapendi kulisema. Kipara juu ya lami kavu kinashika. Wengi mnalijua hilo kwa uzoefu, mnaendesha kipara kiangazi kizima na kusimama mnasimama, ndiyo maana mkiambiwa tairi limekwisha mnacheka. Raba nyingi zaidi inagusa chini, kwa nini isishike? Kazi ya mifereji ni maji. Inayapa maji mahali pa kukimbilia ili raba ifike chini kwenye lami. Siku ya mvua ya kwanza ya vuli, vumbi na mafuta ya miezi mingi yakachanganyika na maji barabarani, kipara kinakuwa sawa na kandambili iliyoisha soli kwenye sakafu ya bafu. Jana ilikuwa inakushikia. Leo huna kitu.

Na shida ya kipara ndani ya msafara ni hiyo hasa: jana ilikuwa inakushikia. Umeshazoea kumfuata mwenzako kwa umbali fulani, mkono wako umekariri. Mvua inanyesha, wenye mifereji wanapoteza kidogo, wewe unapoteza sana, na wote mnaendelea kufuatana kwa umbali uleule wa jana.

Lakini tairi linalonitia hofu zaidi ni lingine kabisa, na nina hakika humu ndani lipo kwa wengi. Ni tairi la mbele lenye mifereji mizuri.

Tufikirie pamoja. Tairi la nyuma linabeba abiria, linavutwa na cheni, linakwisha haraka, unabadilisha. La mbele halivutwi na kitu, linakwisha taratibu sana. Unabadilisha la nyuma, unabadilisha tena, la mbele lipo tu. Ukiliangalia, mifereji ipo, unasema hili bado zima. Miaka inakwenda. Jua la Morogoro mnalijua. Raba inakauka, mafuta yaliyomo ndani yake yanaondoka, inakuwa ngumu. Kwa macho ni tairi zima, kwa barabara ni plastiki. Na hilo ndilo tairi linalofanya kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki, maana ukishika breki uzito mwingi unahamia mbele, la nyuma linabaki jepesi. Ndiyo maana breki ya nyuma peke yake inakufanya uteleze na matako ya pikipiki yaende pembeni, na usisimame.

Wapo wanaoniambia, "Fundi, mimi breki ya mbele siigusi, itanirusha." Itakurusha ukiishtua, ukiifinya ghafla kabla uzito haujahamia, au ukiwa umekata kona, au uko juu ya kokoto. Ukiifinya kwa kuongeza, taratibu kisha kwa nguvu, na tairi la mbele likiwa na raba hai, ndiyo inayokuokoa. Anayetumia ya nyuma tu anasimama mbali zaidi hata akiwa na tairi la bei kubwa kuliko yote dukani. Katika msafara huyo naye ni tairi dhaifu, hata kama tairi lake halina kosa.

Jinsi ya kujua umri wa tairi: pembeni mwake, baada ya herufi DOT, kuna mfululizo wa alama unaomalizikia kwa namba nne ndani ya kiduara kirefu kidogo. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingine namba hizo ziko upande mmoja tu, zungukeni upande wa pili. Tairi lisilo na tarehe kabisa, mimi silifungi. Kisha bonyeza kucha ya dole gumba kwenye raba katikati ya mfereji. Raba hai inakubali kidogo na kurudi. Iliyokufa inakataa. Angalia na mipasuko midogo midogo pembeni na chini ya mifereji, ile inayofanana na nyufa za udongo mkavu ukiikaribia vizuri.

Hili la umri liwaguse na mnaponunua. Tairi lililoning'inia nje ya duka kama bendera, juani, miezi na miezi, msilinunue eti kwa sababu tu bado lina karatasi zake. Mwambieni muuzaji awatolee la ndani, na msome namba kabla ya kulipa. Atakunja uso. Mwacheni akunje.

Dukani pia kuna jambo la raba ngumu na raba laini. Tairi linalosifiwa kwamba linakaa muda mrefu sana, mara nyingi ni kwa sababu raba yake ni ngumu, na raba ngumu inatoa kilomita nyingi kwa kupunguza mshiko, hasa kwenye maji. Sisemi msinunue. Mtu mwenye mkataba wa pikipiki anayelipa kila siku ana haki ya kutaka tairi linalodumu. Nasema ajue alichonunua, na kama fedha zinatosha tairi moja zuri tu, alifunge mbele. Najua desturi ni kuweka zuri nyuma kwa sababu ndilo linaloisha. Kwa upande wa kusimama, zuri liwe mbele.

Saizi sitakaa nayo. Pikipiki zetu nyingi ni 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, nyingine ni inchi 18. Fungeni saizi iliyoandikwa. Ukiweka la nyuma mbele kwa sababu lilikuwepo la bure, umebadilisha uzito wa usukani na umbo la raba inayogusa chini. Mshale wa mwelekeo uheshimiwe, haukuchorwa kwa urembo. Lakini namba moja pembeni pale nataka mwijue: ile inayokaa karibu na herufi ya spidi, kwa mfano 50P. Namba 50 ina maana tairi hilo linabeba kilo 190 likiwa na upepo wake kamili. Pikipiki kilo 120, dereva 70, abiria wawili 140, jumla 330. Theluthi mbili zikikaa nyuma ni kilo 220. Mishikaki, kwa hiyo, imeshapita tairi kabla hujawasha injini. Na breki zetu za dramu zina kikomo. Uzito ukizidi, dramu ndiyo inayoshindwa kabla hata tairi halijateleza, na mita za kusimama zinaongezeka. Kwenye msafara wa harusi ambapo kila pikipiki ina watu watatu na mmoja ameshika keki, zidisheni umbali. Sina maneno mengine juu ya hilo.

Kuna mtu amenyoosha mkono pale nyuma. Anauliza, kama breki za dramu zina kikomo, matairi yana umuhimu gani? Swali zuri, tena la mtu anayefikiri. Kwenye lami kavu, breki ya dramu iliyochoka ya mbele mara nyingi haiwezi hata kulifanya gurudumu lijifunge. Hapo kweli tairi halijaulizwa swali lolote, breki ndiyo dhaifu. Kairekebishe kwanza. Lakini maji yakimwagika, au kukiwa na mchanga juu ya lami, au umeingia kwenye mistari myeupe ya pundamilia iliyolowa, hata breki dhaifu inatosha kulifunga gurudumu. Tairi linaanza kuamua wewe unasimama wapi. Kwa hiyo kiangazi linda breki, masika linda raba, na msafara unaweza kukutana na vyote viwili kati ya hapa na Mikumi.

Sasa nirudi kwenye swali la nani akae mbele, maana hapa ndipo desturi yetu imekaa kinyume.

Sisi tunapanga msafara kwa heshima na kwa uzuri wa pikipiki. Mbele anakaa mwenye pikipiki mpya, yenye breki za diski, matairi yanang'aa. Siku hizi mara nyingine tunaungana na ndugu zetu wenye mapikipiki makubwa yenye ABS, ile mifumo inayozuia gurudumu kujifunga, ambayo Umoja wa Ulaya uliifanya lazima kwa pikipiki za zaidi ya cc 125, kuanzia na aina mpya mwaka 2016. Hao nao tunawaweka mbele, wanapendeza kwenye video. Mkiani wanabaki wenye vipara, wenye kashata, wenye kabichi. Maana yake tumewapanga watu kuanzia anayesimama haraka kuliko wote mpaka anayesimama kwa kuchelewa kuliko wote. Kila mtu ana mbele yake mtu anayemshinda kusimama. Ukitaka kutengeneza ajali ya pikipiki sita kwa mpigo, huwezi kuipanga vizuri kuliko hivyo.

Geuzeni. Kiongozi awe mtu mtulivu anayeijua njia. Nyuma yake tu wawekwe wenye matairi dhaifu, madereva wageni na waliobeba mzigo. Wenye matairi mazuri, diski na ABS wafuate nyuma. Mwenye tairi dhaifu akishika breki, aliye nyuma yake ana uwezo wa kusimama kabla yake. Na kuna faida ya pili: walio dhaifu wakiwa mbele, wao ndio wanaoamua mwendo, msafara mzima unakwenda kwa mwendo wao. Wakiwa mkiani wanakimbizana kuufikia msafara, wanakata kona kwa kasi wasiyoizoea, na hakuna anayewaona. Motorcycle Safety Foundation ya Marekani, ambao wamefundisha waendesha pikipiki kwa miaka mingi, nao wanashauri madereva wasio na uzoefu wakae nyuma tu ya kiongozi. Mimi naongeza matairi kwenye ushauri huo, na naona mantiki ni ileile.

Kuna atakayesema, mwenye kipara akiwa mbele si ndiye atakayeteleza wa kwanza, sote tumrukie? Ndiyo, anaweza. Ndiyo maana kiongozi anakwenda kwa mwendo wa kipara na si kwa mwendo wa ABS. Na kama kipara chenyewe ni cha kuonyesha nyuzi, huyo asiingie kwenye msafara. Apakizwe, aende kama abiria. Kumwambia mwenzako hivyo ni aibu, najua. Wapangaji wa msafara wapewe ruhusa ya kusema, ili aibu iwe yao.

Mkae vipi barabarani? Wale Wamarekani wanataka makundi ya pikipiki tano mpaka saba, na nakubaliana nao. Msafara wa hamsini ugawanywe, kila kundi na kiongozi na mtu wa mkia, na katikati ya makundi magari yaweze kupita. Ndani ya kundi mnapishana: kiongozi upande wa kulia wa njia yenu, wa pili kushoto, wa tatu kulia. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kulia ndiko kiongozi anakoona mbele vizuri. Kati yako na aliye upande wa pili iwe sekunde moja, na kati yako na aliye mbele yako moja kwa moja sekunde mbili. Kupishana huku kunakupa pa kukimbilia. Ukikosa zile mita 8, unapita pembeni mwa mwenzako badala ya kumwingia mgongoni. Ila nafasi ile ya pembeni iwe wazi kweli. Asikae mtu bega kwa bega na wewe kupiga picha.

Kwenye kona, kwenye daraja jembamba, kwenye vumbi la kutoona mbele, acheni kupishana, mfuatane mmoja mmoja na muongeze nafasi. Aliyewahi kushuka mlima wa Kitonga, njia ya Iringa, anajua kwamba kule hakuna pa kukimbilia: upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine bonde, na malori yananuka breki. Kushuka mlima kunaongeza mita za kusimama kwa kila mtu, na kwa mwenye tairi dhaifu kunaongeza zaidi. Shukeni na gia ndogo tangu juu. Anayesubiri mpaka breki ziwe moto ndipo aanze kutafuta gia, ameshachelewa.

Jambo dogo kuhusu matairi mapya, nisije nikasahau. Tairi likitoka dukani ngozi yake ya juu ni laini, inang'aa, inateleza. Kilomita mia moja na zaidi za mwanzo ni za kwenda polepole, bila kulaza pikipiki kwenye kona wala kushtua breki, mpaka ile ngozi ikwaruzike. Kuna tabia ya kufunga matairi mapya asubuhi ya msafara ili yapendeze. Funga wiki moja kabla.

Na taa ya breki. Si tairi, lakini inaingia kwenye hesabu moja kwa moja. Taa ikiwa imeungua, aliye nyuma yako hajui kwamba umeshika breki mpaka aone pikipiki yako inakua machoni pake. Sekunde ile ya kushtuka inakuwa mbili. Balbu ni bei ndogo kuliko soda za kijiwe. Wale mnaopaka taa rangi nyeusi ili ionekane ya kisasa, mimi na nyinyi tutazungumza pembeni.

Jumamosi mna safari ya kusindikiza harusi, mwenyekiti ameniambia. Sitaki watu waondoke hapa wakiwa wamepiga makofi tu. Pikipiki zote ziko nje, na nimekuja na kipimo cha upepo na chaki. Tutoke tuzipange mstari mmoja. Kila mtu ainame, asome namba nne za tairi lake la mbele kwa sauti, mwenzake aziandike kwa chaki ubavuni. Tutabonyeza kucha, tutapima upepo, tutaangalia mifereji na taa. Halafu tutapanga msafara wa Jumamosi palepale chini ya mwembe, dhaifu mbele, wenye nguvu nyuma. Mtu asinung'unike akikuta pikipiki yake inayong'aa imepewa mkia.

Tuanze na ya mwenyekiti. Nimeipita wakati naingia, na tairi lake la mbele nimelitilia shaka.